Kichakataji Kisichochelewa: Mhadhara Kuhusu Kurekodi Muziki kwa Kompyuta

Kurekodi muziki kwa kompyuta ni kazi yenye miadi, na miadi hiyo haiahirishwi. Sauti inayoingia kupitia maikrofoni hupimwa na kadi ya sauti mara nyingi mno katika kila sekunde, na kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Katika CD idadi ya sampuli ni 44,100 kwa sekunde, na katika kazi za filamu na video, pamoja na studio nyingi za muziki za siku hizi, ni 48,000. Kichakataji, yaani kile kipande cha kompyuta kinachofanya hesabu zote, hakiletewi sampuli hizo moja moja bali kwa mafungu, na sehemu ya kumbukumbu ambamo fungu hukaa likisubiri kushughulikiwa huitwa bafa. Fungu likiwa la sampuli 128, na kasi ya upimaji ikiwa 48,000, kichakataji hupewa milisekunde 2.67 kulipokea, kulipitisha katika plagini zote zilizofunguliwa, yaani programu ndogo za kuigeuza au kuitengeneza sauti, kuikabidhi nakala yake kwa sehemu ya programu inayoandika kwenye diski, na kulirudisha kwa kadi ya sauti ili mwimbaji alisikie katika hedifoni. Kikimaliza katika milisekunde 2.5, hakuna kilichoharibika. Kikimaliza katika milisekunde 3, kadi ya sauti haikuti kitu cha kucheza, na hapo hutokea pengo ambalo sikio hulisikia kama mkwaruzo, kama mlio mfupi wa "tik", au kama sauti inayokatakata.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba urekodi laini haudai kichakataji chenye kasi kubwa bali kichakataji kisichochelewa, na kwamba mambo haya mawili, ingawa yana uhusiano, hayafanani. Kichakataji cha gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, hivyo katika zile milisekunde 2.67 kila kiini chake, yaani kila sehemu inayoweza kufanya kazi peke yake, kina mapigo yapatayo milioni 8 ya kutumia, na kupitisha sampuli 128 katika plagini chache ni kazi ndogo mbele ya uwezo huo. Hata hivyo rekodi hukwaruza katika mashine za namna hiyo, tena huku kipimo cha matumizi ya kichakataji kikionyesha asilimia 20 tu. Jambo hili huwashangaza wengi kwa sababu kipimo hicho hueleza wastani, ilhali muziki huharibiwa na tukio moja. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa bafa ya sampuli 128 hupita katika mafungu 90,000. Mafungu 89,999 yakifika kwa wakati na moja likachelewa katikati ya ubeti, mwimbaji atalazimika kuurudia ubeti ule.

Muziki wa kompyuta katika miaka yake ya mwanzo haukuwa na tatizo hili. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta ya IBM 704 kutoa sauti, lakini hesabu za sauti zilifanywa kwanza na kuhifadhiwa katika utepe wa sumaku, kisha utepe ukachezwa baadaye kupitia mtambo wa kugeuza namba kuwa umeme wa spika. Kompyuta ilikuwa huru kutumia muda mrefu kwa ajili ya sekunde chache za muziki, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeingoja sauti wakati ule ule. Tatizo lilizaliwa mwanamuziki alipotaka kujisikia papo hapo, sauti yake ikiwa imeshapita ndani ya kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta ASIO, ambayo ni njia ya programu za Windows kuzungumza na kadi ya sauti bila kupitia tabaka nyingi za mfumo endeshi, na upande wa Linux, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Paul Davis aliandika JACK, seva ya sauti inayoziunganisha programu mbalimbali za muziki na kuhakikisha kwamba zote hufanya kazi katika fungu lile lile kwa zamu. Njia hizo mbili zilifupisha safari ya sauti kwa kiasi kikubwa, ila hazikuweza kubadili tabia ya kichakataji chenyewe, na tabia hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa kichakataji, inafaa bafa ieleweke vizuri, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kuendelea. Bafa inafanana na tangi la maji la nyumbani: maji ya bomba huja kwa vipindi, lakini mfereji wa jikoni hutakiwa utiririke bila kukatika, na tangi kubwa huvumilia ukame mrefu wa bomba, ila tone lililoingia sasa litakawia kufika jikoni. JACK isipobadilishwa kitu hutumia bafa mbili za sampuli 1024 kila moja, ambazo kwa kasi ya 48,000 ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 43 upande wa kutoka peke yake. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo mpiga udi anayejisikiliza kupitia mpangilio huo husikia kila pigo la risha kana kwamba udi wake unapigwa na mtu aliye umbali wa zaidi ya mita 14, na hakuna mpigaji anayeweza kukaa ndani ya mdundo kwa namna hiyo. Bafa mbili za sampuli 128 huushusha ucheleweshaji huo hadi milisekunde 5.3, sawa na umbali usiofika mita 2, na wanamuziki wengi huuzoea umbali huo bila kuutambua.

Ni haki kusema wazi, kwa kuwa miongozo mingi hulipita jambo hili, kwamba wapo wanaorekodi ambao hawahitaji bafa ndogo hata kidogo. Kadi nyingi za sauti za kuchomeka kwa waya wa USB zina njia ya kuirudisha sauti ya maikrofoni kwenye hedifoni moja kwa moja, bila kuipitisha katika kompyuta, na anayerekodi sauti ya mwimbaji au ala halisi kwa njia hiyo anaweza kuiacha bafa yake katika sampuli 1024 na kufanya kazi kwa amani katika mashine ya kawaida kabisa. Haja ya bafa ndogo huja pale ambapo sauti yenyewe huzaliwa au hugeuzwa ndani ya kompyuta: mpiga kinanda cha MIDI, ambaye vidole vyake hutoa maagizo tu na sauti hutengenezwa na programu, mpiga gitaa anayetumia kikuza sauti cha kuigwa kwa programu, au mwimbaji anayetaka kujisikia akiwa na mwangwi katika hedifoni. Kwa watu hawa kila milisekunde ina thamani, na kwao kichakataji kinapaswa kupangwa upya.

Mfano mkuu wa mhadhara huu ni Linux. Maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki hufanya kazi katika Windows, wakitumia programu kama FL Studio na Cubase, lakini Linux imechaguliwa kwa sababu huweka hadharani, katika faili zinazosomeka kwa jicho, mipangilio ambayo mifumo mingine huificha, na mwenye kuielewa huko ataitambua popote. Hatua ya kwanza ni kupima. JACK huhesabu kila mara fungu linapochelewa, nayo programu iitwayo cyclictest hupima ni mikrosekunde ngapi hupita kati ya wakati ambao kazi ilitakiwa iamke na wakati ilipoamka kweli, mikrosekunde ikiwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Namba ya kuangaliwa katika matokeo yake ni ile ya juu kabisa, na kipimo kiachwe kiendelee muda mrefu, huku kazi nyingine za kawaida zikifanyika, kwa sababu mchelewo mbaya hujitokeza kwa nadra.

Chanzo cha kwanza cha mchelewo ni mabadiliko ya mwendo. Umeme unaotumiwa na kichakataji huongezeka sambamba na kasi ya mapigo, na huongezeka tena kwa mraba wa volti. Na kwa kuwa kasi kubwa hudai volti kubwa, kupunguza kasi kwa nusu huokoa zaidi ya nusu ya umeme. Ndiyo maana Intel ilianzisha SpeedStep mwaka 2000 katika vichakataji vya Pentium III vya kompyuta mpakato, na tangu hapo karibu kila kichakataji hupunguza na kuongeza kasi yake kulingana na kazi iliyopo. Katika Linux anayeamua ni kidhibiti mwendo, ambacho ni sehemu ya keneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, na jina la kidhibiti kinachotumika husomeka katika faili iitwayo scaling_governor iliyo chini ya /sys/devices/system/cpu/, faili moja kwa kila kiini.

Kidhibiti mwendo cha kawaida hutazama kazi iliyofanyika hivi karibuni na kukisia itakayokuja, na ukisio huo, unaofaa sana kwa kuandika barua au kutazama filamu, hukosea kwa muziki. Kazi ya sauti huja kwa vishindo vifupi. Chukua kiini kinachofanya kazi kwa milisekunde 1 kisha kikakaa bure kwa milisekunde 1.67, mara 375 kwa sekunde: kidhibiti kinachotazama wastani huona kiini ambacho zaidi ya nusu ya muda hakina la kufanya, na kwa mantiki yake ni sahihi kukishusha kutoka gigahezi 3 hadi, tuseme, megahezi 800. Lakini kazi iliyochukua milisekunde 1 sasa inahitaji milisekunde 3.75, na miadi ni 2.67. Kidhibiti hutambua upesi kwamba kiini kimezidiwa na kukipandisha tena, ila fungu limeshachelewa na mkwaruzo umeshaingia katika rekodi. Kisha kazi hutulia, wastani hushuka, na mchezo huanza upya. Hali hii hueleza lile lalamiko linalosikika mara kwa mara, kwamba rekodi hukwaruza zaidi wimbo ukiwa na ala chache kuliko ukiwa na ala nyingi.

Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kukichagua kidhibiti kiitwacho performance, kinachokitaka kiini kibaki katika kasi yake ya juu wakati wote, jambo linalofanyika kwa amri moja ya cpupower au kwa kuliandika neno hilo katika faili iliyotajwa. Katika vichakataji vya Intel vinavyoendeshwa kwa intel_pstate, ambayo ni draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, kwa kawaida huonekana majina mawili tu, performance na powersave, na hapa ipo hatari ya kudanganyika, kwa sababu powersave ya draiva hiyo haimaanishi kasi ya chini daima, bali ni kidhibiti kinachopanda na kushuka. Kasi ya ziada ya muda, ambayo Intel iliitambulisha mwaka 2008 kwa jina la Turbo Boost, ni suala jingine. Kasi hiyo hutolewa pale tu joto na umeme vinaporuhusu, kwa hiyo haiwezi kuahidiwa kwa muda wote wa wimbo. Katika kompyuta kubwa ya mezani yenye upoozaji mzuri hakuna ubaya kuiacha, lakini katika kompyuta mpakato ni heri kuizima wakati wa kurekodi, kwa kuandika 1 katika faili ya no_turbo, na kuridhika na kasi ndogo zaidi isiyoyumba.

Chanzo cha pili hufahamika kidogo zaidi, na pengine ndicho kinachoumiza zaidi bafa ndogo. Kiini kisicho na kazi hakikai tu kikingoja. Hulala, na usingizi wake una ngazi. Ngazi ya C0 ni ya kiini kilicho kazini, C1 ni mapumziko mepesi ambamo mapigo husimamishwa, na kadiri namba inavyopanda ndivyo sehemu nyingi zaidi za kichakataji zinavyozimwa, kama katika C6, ambamo kiini huhifadhi hali yake kando na kukatiwa umeme karibu wote. Kuamka kutoka ngazi za usingizi mzito huchukua muda, na keneli ya Linux ina jedwali la muda huo kwa kila familia ya vichakataji. Kwa familia ya Skylake ya mwaka 2015, ambayo bado imejaa katika kompyuta mpakato zinazouzwa zikiwa zimeshatumika, jedwali huandika mikrosekunde 2 kwa C1, 85 kwa C6, 200 kwa C8 na 890 kwa C10. Bafa ya sampuli 64 kwa kasi ya 48,000 hudumu mikrosekunde 1,333. Kuamka kutoka C8 hula karibu asilimia 15 ya muda huo kabla ya hesabu ya kwanza kufanyika, na kuamka kutoka C10 hula theluthi mbili. Ni kweli kwamba keneli hukisia urefu wa mapumziko kabla ya kuchagua ngazi, na kwa bafa ndogo mara nyingi haiteremki hadi mwisho; lakini ukisio ni ukisio, na mara moja katika mafungu 90,000 inatosha.

Katika kuuzuia usingizi huu kuna njia nzuri na njia mbaya. Njia nzuri ni faili iitwayo /dev/cpu_dma_latency: programu huifungua, huandika humo idadi ya mikrosekunde ambayo iko tayari kuvumilia, na maadamu inaishikilia faili hiyo wazi keneli haikiruhusu kiini chochote kulala katika ngazi inayohitaji muda mrefu zaidi kuamka; programu ikifungwa, kizuizi huondoka chenyewe, na kompyuta hurudia uchumi wake wa umeme bila mtu kukumbuka kuirudisha. Njia ya kati ni kuiagiza keneli, tangu kompyuta inapowashwa, isivuke C1, kwa maandishi intel_idle.max_cstate=1, na hii huwafaa wenye mashine iliyotengwa kwa studio. Njia mbaya ni idle=poll, inayovifanya viini vyote vizunguke bila kazi na bila kupumzika kamwe. Baadhi ya miongozo huisifu kwa sababu hushusha muda wa kuamka hadi karibu na sifuri, lakini faida yake juu ya C1 ni mikrosekunde 2, na gharama yake ni joto la mfululizo ambalo, kama itakavyoelezwa hapa chini, huurudisha mchelewo kwa mlango mwingine. Hakuna sababu ya kumshauri mwanamuziki aitumie.

Upo mpangilio mwingine wa kichakataji ambao haumo katika orodha nyingi za aina hii, nao unastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu dalili yake ni ya ajabu: kichakataji huelemewa muziki unaponyamaza. Programu za sauti hufanya hesabu kwa namba za nukta inayoelea, yaani namba zinazohifadhiwa pamoja na kipeo kinachoonyesha nukta ya desimali ikae wapi, ili ziweze kuwa kubwa sana au ndogo sana. Namba ndogo kabisa ya kawaida katika ukubwa wa biti 32 ni takriban 1.18 × 10⁻³⁸, na chini ya hapo kuna namba hafifu zinazoandikwa kwa mfumo maalumu, ambazo vichakataji vingi huzishughulikia kwa njia ya pembeni iliyo polepole sana, hata zaidi ya mapigo 100 kwa hesabu moja ambayo kwa kawaida ingechukua mapigo machache. Plagini ya mwangwi hufanya kazi kwa kuizungusha sauti na kuipunguza kila mzunguko. Mwimbaji akinyamaza, mkia wa mwangwi huendelea kupungua, nusu ya nusu, mpaka namba zake zinaingia katika eneo la uhafifu, na hapo kipimo cha kazi hupanda ghafla ilhali hakuna anayesikia chochote. Sauti yenyewe wakati huo iko zaidi ya desibeli 750 chini ya kiwango cha juu, wakati CD nzima yenye biti 16 ina nafasi ya desibeli zipatazo 96 tu kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kichakataji kinataabika kwa ajili ya sauti ambayo haipo kwa kipimo chochote cha kibinadamu.

Vichakataji vya Intel na AMD vina rejista, yaani chumba kidogo cha ndani cha kuhifadhi hali, iitwayo MXCSR, na ndani yake zimo biti mbili, FTZ na DAZ, ambapo ya kwanza huamuru kila jibu hafifu ligeuzwe sifuri na ya pili huamuru kila namba hafifu inayoingia katika hesabu ihesabiwe kuwa sifuri. Mwanamuziki hana haja ya kuigusa rejista hiyo kwa mkono, kwa sababu programu za kurekodi hufanya hivyo kwa niaba yake. Ardour, kwa mfano, programu nyingine iliyoanzishwa na Paul Davis, huweka uchaguzi huo katika mapendeleo yake, na inafaa zote mbili ziwashwe. Anayeona kazi ikipanda kila mara wimbo unapofika kwenye kimya aanze kutafuta hapa kabla ya kununua kompyuta nyingine.

Kichakataji kilicho macho na chenye mwendo thabiti bado kinaweza kuwa kinamhudumia mtu mwingine fungu linapofika. Hapo huingia suala la zamu. Linux ina utaratibu uitwao SCHED_FIFO, wenye ngazi za kipaumbele kutoka 1 hadi 99, na kazi iliyopewa utaratibu huo huitangulia kila kazi ya kawaida. Mtumiaji huruhusiwa kuutumia akiingizwa katika kundi la audio na kundi hilo likapewa haki ya rtprio, ambayo ni haki ya kipaumbele, na ya memlock, ambayo ni haki ya kuifungia kumbukumbu yake isihamishiwe diski, kwa kuwa kuirudisha kutoka diski huchukua muda mrefu kuliko bafa nzima. Keneli hujiwekea akiba: kazi za kipaumbele haziruhusiwi kutumia zaidi ya mikrosekunde 950,000 katika kila 1,000,000, ili programu iliyoharibika isiigandishe mashine, na akiba hiyo iachwe ilivyo.

Kwa muda mrefu waliotaka zaidi ya hapo walilazimika kutafuta keneli iliyowekewa viraka vya PREEMPT_RT, kazi iliyoanzishwa na Ingo Molnár, Thomas Gleixner na wenzao katikati ya miaka ya 2000, ili karibu kila shughuli ya ndani ya keneli iweze kukatizwa na kazi yenye haraka zaidi. Baada ya takriban miaka 20 ya kuingizwa kipande kwa kipande, viraka hivyo vilikamilika ndani ya Linux yenyewe katika toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024. Kwa studio nyingi keneli ya kawaida iliyowashwa kwa neno threadirqs hutosha, kwani neno hilo huyafanya makatizo, yaani wito wa vifaa kuomba kuhudumiwa, yawe kazi zinazoweza kupangiwa kipaumbele, kisha programu ndogo ya rtirq iliyoandikwa na Rui Nuno Capela huipa kadi ya sauti nafasi mbele ya vifaa vingine.

Katika Windows mambo hayo hayo hupatikana kwa majina mengine: mpango wa umeme wa utendaji wa juu, kiwango cha chini cha kichakataji kikiwa asilimia 100, kuzuia viini visizimwe, na programu ya LatencyMon inayotaja draiva gani inachelewesha wengine, ambayo mara nyingi huwa ya Wi-Fi. Apple huamua mengi yenyewe. Tangu 2020 vichakataji vyake vya kompyuta za Mac vina viini vyenye nguvu na viini vya kubana matumizi, na programu ya sauti huutangazia mfumo ni kazi zipi zina miadi ya pamoja ili zisipelekwe kwenye viini vidogo.

Mengi kati ya yaliyoelezwa huongeza joto, na joto ndilo mpaka wa kweli wa somo hili, hasa katika ukanda wa pwani. Studio nyingi za nyumbani za Dar es Salaam na Mombasa huwa chumba kimoja ambacho madirisha yamefungwa, kuta zimezibwa kwa magodoro au trei za mayai ili mwangwi wa chumba usiingie katika maikrofoni, na feni ya dari imezimwa ili mlio wake nao usiingie. Kompyuta mpakato iliyoagizwa isilale wala isipunguze mwendo katika chumba kama hicho hupandisha joto lake mpaka karibu nyuzi 100 za Selsiasi, ambacho ni kikomo cha vichakataji vingi vya Intel, na hapo kichakataji hujishusha chenyewe bila kuomba ruhusa ya kidhibiti chochote; mkwaruzo uliofukuzwa hurudi, ukiwa umeongozana na mlio wa feni ya kompyuta ndani ya rekodi. Kwa sababu hiyo mipangilio iongezwe mmoja mmoja na kupimwa, kuanzia kidhibiti mwendo, na mara mikwaruzo inapokoma mtu asimame hapo. Kusafisha vumbi katika feni na kuinua kompyuta ipate hewa kwa chini ni sehemu ya kazi hii sawa na amri yoyote.

Umeme unapokatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri, lakini si kompyuta ile ile: programu za kutunza betri, kama TLP, zinaweza kubadilisha kidhibiti mwendo mara tu waya unapokosa umeme, na mashine nyingi hupunguza kiwango cha umeme cha kichakataji kwa amri iliyo chini kabisa ya mfumo endeshi. Anayerekodi mahali ambapo umeme hauaminiki anapaswa kupima mpangilio wake waya ukiwa umechomolewa, na kuchagua bafa inayostahimili hali hiyo. Zipo pia mashine ambazo programu ya kiwandani iliyo ndani ya bodi zake hukinyakua kichakataji kwa muda bila mfumo endeshi kujua, ili kukagua joto au betri. Programu ya hwlatdetect huufichua unyakuzi huo, na ukiwa mkubwa kuliko bafa hakuna faili ya Linux itakayouondoa. Mashine hiyo itafaa kwa kazi nyingine, na bafa kubwa ndiyo njia iliyobaki kwa anayelazimika kurekodi nayo.

Uimbaji ukimalizika, sababu ya ukali wote huu huisha pamoja nao. Wakati wa kuchanganya sauti hakuna anayejisikiliza akipiga, hivyo bafa ipandishwe hadi sampuli 1024 au 2048, kidhibiti mwendo kirudishwe katika tabia yake ya kawaida, viini viruhusiwe kulala, na plagini nzito zilizokuwa zimezimwa zifunguliwe. Kutoa faili ya mwisho hakuna miadi kabisa, kwa kuwa programu huiacha saa ya kadi ya sauti na kufanya hesabu kwa mwendo wowote inaouweza; kompyuta dhaifu itatumia dakika zaidi kuliko yenye nguvu, na faili itakayotoka haitakuwa na pengo.